Maji Yalichorwa, Watu Hawakuchorwa: Ramani za Hatari katika Bonde la Msimbazi

Katika historia ya upangaji wa jiji la Dar es Salaam ni maeneo machache yaliyochorwa, kutiwa rangi na kuwekewa masharti mara nyingi kama bonde la Mto Msimbazi, na ni machache zaidi ambayo ujenzi wake haukujali hata mstari mmoja wa michoro hiyo. Mto wenyewe si mkubwa. Unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka kwa takriban kilomita 35 ukipokea maji ya Luhanga, Ubungo na Ng'ombe, kisha unaingia Bahari ya Hindi chini ya Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi huvukika kwa miguu sehemu nyingi, lakini mvua za masika na za vuli zikishika huweza kupanda kwa saa chache tu na kuenea bondeni kote kutoka Kigogo hadi Jangwani. Kila baada ya mafuriko makubwa hurudiwa maelezo yaleyale, kwamba wakazi wa mabondeni walijenga kwa kutojua au kwa ukaidi. Nyaraka za mipango miji zinasimulia jambo jingine: hatari ya bonde hilo ilijulikana na kuwekwa kwenye karatasi kwa miongo mingi, ila ramani zilizoionyesha zilichora maji bila kuchora watu, na katika matumizi yake zilikuwa hati ya kuamulia nani ana haki ya kuwapo mahali hapo kabla ya kuwa onyo kwa yeyote.

Wataalamu wa maafa hutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huitwa hatari bila kubaguliwa. La kwanza ni tukio la asili lenye uwezo wa kudhuru, kama vile mto kufurika, pamoja na kina chake, kasi yake na mara ngapi linatarajiwa kutokea. La pili ni watu na mali vilivyomo katika njia ya tukio hilo. La tatu ni uwezekano wa kuathirika, yaani kiwango ambacho watu hao wataumia na ugumu watakaoupata katika kuinuka tena, jambo linalotegemea kipato, aina ya nyumba, umri, afya, na kama mtu ni mwenye nyumba au mpangaji. Ukubwa wa maafa hutokana na kukutana kwa yote matatu, na ndiyo maana mafuriko ya kina kilekile huweza kuwa usumbufu wa siku mbili kwa kaya moja na mwanzo wa ufukara kwa kaya ya jirani. Ramani kamili ya hatari ingepaswa kuonyesha mambo haya kwa pamoja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, zile za Dar es Salaam zilishughulika na lile la kwanza peke yake, na hata hilo kwa njia ya mzunguko.

Mzunguko huo ulianzia katika hofu ya magonjwa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, mwaka uleule Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya koloni, ziligawa mji katika kanda kwa kufuata aina ya majengo yaliyoruhusiwa, na kwa kuwa aina hizo zilifuata uwezo na asili ya wenye kujenga, kanda zikawa kwa vitendo za rangi. Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuutia nguvu kwa hoja za afya: eneo la wazi la Mnazi Mmoja lilitenga Uhindini na Kariakoo, na mabonde yenye majimaji yakaogopwa kwa sababu ya mbu wa malaria. Mpango wa jiji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb and Partners, uliyaacha mabonde ya mito kuwa njia za upepo, yaani maeneo yasiyojengwa ambayo yangeruhusu hewa ya baharini kupenya hadi ndani ya mji, na ambayo pia yangetenga makazi ya msongamano mdogo na yale ya msongamano mkubwa. Bonde la Msimbazi likawa wazi kwenye ramani kwa sababu ambazo kwa sehemu kubwa hazikuhusu mafuriko. Kinga hiyo ilikuwa ya bahati, na pengine ndiyo sababu haikudumu: sababu za awali zilipopoteza maana baada ya uhuru, mwananchi wa kawaida hakubakiwa na maelezo ya kwa nini ardhi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko la Kariakoo iachwe kwa majani na vyura.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga vitongoji vya Waafrika kwenye ardhi ya juu pande zote mbili za bonde, Ilala upande mmoja na Magomeni upande wa pili, huku Barabara ya Morogoro ikilikata bonde pale Jangwani. Vitongoji hivyo havikutosha. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 356,000 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 1978 ikahesabu watu wapatao 843,000. Katika muda huo viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache kuliko waombaji, na aliyesubiri kupewa kiwanja kwa barua aliweza kusubiri mpaka watoto wake wakaoa. Baraza la Mawaziri lilitoa waraka mwaka 1972 ulioachana na sera ya kubomoa makazi holela na kuelekeza nguvu katika kuyaboresha, na mikopo ya Benki ya Dunia ikasaidia kupima viwanja na kupeleka huduma katika maeneo kama Manzese. Mpango wa jiji wa mwaka 1968, kazi ya kampuni ya Kanada, uliendelea kuyahesabu mabonde kuwa maeneo ya wazi. Ule wa mwaka 1979, ambao nao uliandaliwa na washauri kutoka Kanada, uliitaja ardhi ya Bonde la Msimbazi waziwazi kuwa ni ya hatari na isiyofaa kwa makazi.

Tangu hapo, basi, hakuna anayeweza kudai kwamba dola haikujua. Linalobaki kuelezwa ni jinsi Suna, Kigogo, Hananasif na Mchikichini zilivyojaa nyumba hadi ukingoni mwa mto huku ramani ikiwa kabatini. Ramani ya mpango wa jiji ilikuwa waraka wa wataalamu, imechapwa kwa Kiingereza, kwa kipimo kidogo kiasi kwamba mtaa mzima uliweza kufunikwa na ncha ya kidole, na haikubandikwa mahali ambapo mnunuzi wa kiwanja angeiona. Ardhi ilinunuliwa kwa makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono, yakishuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi, na baadaye na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyegonga muhuri na kupokea ada yake. Umeme na maji ya bomba viliingizwa katika nyumba nyingi za bondeni, shule na zahanati zikajengwa jirani, na wagombea wakaomba kura humo kila uchaguzi. Mtu aliyeona hayo yote alikuwa na ushahidi mwingi wa kuaminika kwamba serikali imemkubali kuliko aliokuwa nao kwamba imemkataza. Tena bonde lilikuwa na faida zake: kodi ya chumba ilikuwa nafuu, kazi za Kariakoo na bandarini zilifikika bila nauli, na rutuba ya tope ilistawisha mchicha na matembele yaliyouzwa katika masoko ya jiji, japo baadaye maji machafu ya viwandani yalizua maswali kuhusu usalama wa mboga hizo.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliipa dhana ya ardhi hatarishi maana ya kisheria, ikihesabu humo vinamasi vya mikoko, ardhi oevu na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo ikazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zenye kuathiri mazingira ndani ya mita hizohizo. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 ilikubali kuboreshwa kwa makazi yasiyopangwa, lakini si yale yaliyo katika maeneo hatarishi, na leseni za makazi zilizoanza kutolewa katikati ya muongo huo zikawapita wakazi hao. Kipimo cha mita 60 ni rahisi kutumika mahakamani na rahisi kupimwa kwa futi kamba, lakini ni kipimo dhaifu cha hatari, kwa sababu kinachukulia kwamba maji husambaa sawasawa kila mahali. Pale ambapo kingo ni za mwinuko mkali, nyumba iliyo mita 30 kutoka mtoni inaweza isiguswe na maji kwa kizazi kizima. Pale Jangwani, ambapo bonde ni tambarare, maji hufika mbali kuliko mita 60 na kumkuta mtu ambaye kisheria yuko salama. Sheria ilihitaji mstari mmoja ulionyooka, na mto haukuwahi kuwa nao.

Isitoshe, mto uliochorwa mwaka 1979 si huu wa leo. Uchimbaji wa mchanga kwenye kingo na mmomonyoko katika vilima vya juu vimeushushia mto udongo mwingi ambao hutuama pale mteremko unapoisha, kati ya Kigogo na bahari, na kuinua sakafu ya mto hadi madaraja yaliyojengwa kwa ajili ya kina fulani cha maji yakabaki na nafasi finyu chini yake. Taka ngumu zisizozolewa huziba mifereji na makaravati. Muhimu kuliko yote, mabati na lami vimefunika ardhi ambayo zamani ilikunywa mvua, hivyo maji yaliyokuwa yakipenyeza taratibu sasa hukimbilia mtoni mara moja. Wahandisi wa maji hueleza ukubwa wa mafuriko kwa kipindi cha kurudi: mafuriko ya miaka 50 ni yale yenye uwezekano wa asilimia 2 kutokea katika mwaka wowote, na hayana ahadi ya kungoja miaka 50 mingine yakishatokea. Hesabu hiyo hutegemea rekodi za zamani, na jiji linapobadilika chini ya mvua ileile, rekodi hizo huanza kupotosha. Mafuriko yaliyoitwa nadra huanza kuja kila baada ya misimu michache.

Desemba 2011, siku chache baada ya taifa kuadhimisha miaka 50 ya uhuru wa Tanganyika, mvua iliyoanza tarehe 20 ilileta maji ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa iliyataja kuwa hayajaonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa na maelfu wakapoteza makazi. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mahali palipokuwa salama dhidi ya mto lakini mbali na kila kitu ambacho kilikuwa kimewapeleka bondeni: kibarua cha asubuhi, soko, shule, jirani wa kumwachia mtoto. Wapo waliokaa na kujenga, na wapo waliouza au kupangisha wakarudi mjini. Ni kosa kuuona urejeo huo kama upumbavu, kwa kuwa mafuriko yalikuwa tishio la siku chache katika mwaka ilhali ukosefu wa kipato ulikuwa wa kila siku, na mtu maskini anayepima hatari mbili hutanguliza ile itakayomfikia kwanza. Desemba 2015 lilifuata zoezi la bomoabomoa, lililotanguliwa na alama za X za rangi nyekundu kwenye kuta. Mamia ya nyumba zilivunjwa kabla ya kesi na malalamiko kupunguza kasi. Kwa wakazi wengi alama hiyo ndiyo iliyokuwa ramani ya kwanza ya hatari kuwafikia, ikiwa imechorwa juu ya nyumba yenyewe.

Mwaka uleule wa 2015 ulikuwa pia mwanzo wa kazi ya namna nyingine kabisa. Mradi wa Ramani Huria, uliounganisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi, na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, uliwatuma wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao wenyewe kwa simu, karatasi na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, huku ndege zisizo na rubani zikipiga picha za mapaa kwa uwazi usiopatikana katika picha za kawaida za setilaiti. Ulikuwa na mtangulizi mdogo: mwaka 2011 kata ya Tandale, inayopitiwa na Mto Ng'ombe, ilikuwa imechorwa kwa njia hiyohiyo. Tofauti na ramani za mipango zilizotangulia haikuwa katika vifaa peke yake. Ramani mpya zilionyesha mfereji ulipoanzia na ulipokatika, upana wake, kama ulikuwa wa zege au wa udongo, nyumba moja moja, visima, vyoo, zahanati na mipaka ya mitaa ambayo hata halmashauri hazikuwa nayo kwa usahihi. Wenyeji waliulizwa maji yalifika wapi katika mafuriko ya nyuma, nao wakaonyesha alama ukutani, dirishani au kifuani, na vipimo hivyo vya mwili vikageuzwa kuwa takwimu za kina. Matokeo yaliwekwa wazi kwa yeyote kuyatumia, na kwa programu ya InaSAFE, iliyoundwa Indonesia kwa ushirikiano na Australia, ramani ya maji iliweza kulazwa juu ya ramani ya watu ili kukadiria wangapi wangeguswa na shule zipi zingefungwa.

Kwa kuwa nyumba zilionekana moja moja, bonde lililokuwa likitajwa kwa jina moja lilianza kuonekana kuwa na ngazi nyingi za uwezekano wa kuathirika. Katika mtaa mmoja mwenye nyumba aliyeinua msingi, akajenga ukuta na kuweka kizingiti kirefu mlangoni alisukuma maji kwa jirani ambaye hakuwa na uwezo huo. Mpangaji hakuwa na sababu ya kuiimarisha nyumba ya mwingine, na alikuwa wa mwisho kufikiriwa katika fidia au kiwanja mbadala, kwa kuwa orodha za waathirika kwa kawaida huanza na wenye majengo. Vyoo vya shimo viliunganisha hatima ya wote: shimo likifurika, au likitapishwa kwa makusudi wakati wa mvua ili maji yabebe uchafu bila gharama ya gari la majitaka, kipindupindu hakikuuliza nani alikuwa na kizingiti kirefu. Tofauti hizo za hali hazikuwa ngeni kwa wakazi wenyewe. Hananasif, katika miaka ya 1990, wananchi walishirikiana na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa Chuo cha Ardhi kujenga mifereji na barabara kwa nguvu kazi ya mtaani, jambo lililothibitisha kwamba sehemu ya hatari ya bonde ilikuwa katika mfereji usiojengwa, wala si katika mto peke yake. Mradi huo ulistahili kuigwa mapema zaidi kuliko ilivyokuwa.

Dola yenyewe haikuwa nje ya ramani hiyo. Karakana na maegesho makuu ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, yalijengwa Jangwani, katikati ya ardhi ambayo wananchi walikuwa wakiondolewa kwa sababu ni hatarishi. Mafuriko yaliingia humo mara kwa mara, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale bondeni kila mvua kubwa iliponyesha. Hata klabu ya Yanga, yenye makao yake mtaa wa Jangwani, imezoea kuuona uwanja wake wa Kaunda ukigeuka bwawa. Uamuzi wa kujenga karakana pale hauwezi kuelezwa kwa kutojua. Unaelezwa na uhaba wa ardhi kubwa ya umma karibu na katikati ya jiji, sababu ileile, kwa kipimo kingine, iliyompeleka bondeni fundi cherehani au mama lishe. Tofauti ni kwamba hakuna aliyechora X kwenye lango la karakana.

Mafuriko ya Aprili 2018 yalisukuma mambo mbele. Utafiti wa Benki ya Dunia ulikadiria hasara za kaya za jiji kuwa karibu dola milioni 100 za Marekani, na katika mwaka huohuo mfululizo wa mikutano ya wataalamu, viongozi na wakazi ulitoa mpango wa bonde la chini uliopendekeza mto uchimbwe na kupanuliwa, udongo utakaotolewa utumike kuinua kingo zitakazojengwa, sehemu ya kati igeuzwe bustani kubwa itakayokubali kufurika, na daraja la Jangwani liinuliwe. Mwaka 2022 fedha zilipatikana, dola milioni 260, kutoka Benki ya Dunia, Uholanzi na Hispania. Kwa mara ya kwanza ramani ya hatari iliambatana na bajeti, na mara moja lilizuka swali ambalo mistari ya 1979 na 1999 ilikuwa imelikwepa: je, anayehamishwa kutoka ardhi ambayo sheria inaiita hatarishi analipwa thamani ya jengo tu, au na ardhi pia? Wakazi waliokuwa na karatasi zenye muhuri wa serikali ya mtaa walidai ardhi waliinunua. Wathamini waliirejelea sheria. Na mvutano huo ukachukua muda mrefu kuliko upimaji wa kina cha mto.

Mradi huo unahusu zaidi bonde la chini, linaloishia baharini. Kule juu, Kinyerezi, Gongo la Mboto na kwenye miteremko ya Pugu, mji unaendelea kupanuka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa, ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38, na wengi wa walioongezeka wamejenga pembezoni, katika ardhi ambayo hakuna ramani ya mafuriko inayoitia rangi kwa sababu haifuriki. Maji yanayotoka kwenye mapaa yao hufika Kigogo kabla ya wao kumaliza kufagia uwanja, na mchanga unaochimbwa kwa ajili ya kuta zao ndio unaoinua sakafu ya mto pale Jangwani. Nyingi za nyumba hizo ziko mbali na mita 60 za mto wowote, na katika mfumo wa sasa wa kupima hatari hazihesabiwi kuwa sehemu ya Msimbazi.